Saa Ishirini na Nane za Verna Tregenza

Verna Tregenza hakuwa mtu wa kumaliza chai akiwa amekaa. Alipiga mafunda mawili, akatoka kwenda kumfungulia mbwa, akarudi akapiga funda jingine, akakumbuka pampu iliyokuwa ikikoroma tangu juzi, akaondoka, na chai ikapoa mezani. Ndivyo alivyoishi miaka thelathini na minne katika ranchi ya Wirrabeen, kaskazini kabisa mwa Australia Kusini, na tangu mumewe Murray afariki hali hiyo ilizidi. Ranchi ilikuwa na visima kumi na saba vya pampu, na cha mbali kabisa kilikuwa kilomita tisini kutoka nyumbani. Joto la Februari halimsubiri mtu. Pampu ikikwama, siku ya pili ng'ombe wanaanza kuanguka. Kwa gari, kuzungukia visima vyote ilikuwa safari ya siku mbili. Kwa ndege yake ndogo ya injini moja, ilikuwa kazi ya asubuhi tu.

Mtu pekee aliyethubutu kumsimamisha alikuwa Anthea, mke wa mwanawe Darcy. Kabla ya kuolewa Anthea alikuwa nesi mjini, na alijua jangwa linaufanya nini mwili wa binadamu. Yeye ndiye aliyepakia sanduku la njano nyuma ya viti vya ndege: turubai, kioo cha kumulikia, viberiti, bandeji, makopo mawili ya matunda, na kando yake dumu la maji la lita kumi lililofungwa kwa mkanda lisirukeruke.

Asubuhi moja ya Februari Anthea alimfuata hadi kwenye banda la ndege.

"Mama, kile kifaa cha kuitia msaada kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kipo, Anthea! Mimi nilikuwa narusha ndege wewe ukiwa bado unanyonya."

"Hata hao waliokufa huko walikuwa wanajua kurusha." Anthea alikunja mikono. "Haya, unapita wapi?"

"Visima vya magharibi, kisha nageuza narudi. Saa saba nitakuwa hapa tunakula. Ikifika saa kumi hujaniona, wapigie polisi. Umeridhika?"

Hakuridhika, ila Verna alikuwa ameshapanda ngazi na mpira wa mafuta mkononi. Alijaza tangi la bawa la kulia kutoka kwenye pipa lililokuwa limebaki kidogo. Kawaida mtu huchota mafuta ya kila bawa katika kikombe cha kioo aangalie kama hayana maji. Alichota ya kushoto, yalikuwa safi. Ya kulia hakuyachota. Jua lilikuwa linapanda, na kila dakika ilimwasha kama upele.

Kisima cha kwanza kilikuwa kizima, cha pili kizima, cha tatu kikivuja kidogo. Alipokuwa anageuza ndege baada ya hicho cha tatu, aliona mng'ao mbali upande wa mashariki. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeacha maji katika ziwa ambalo kwa kawaida huwa chumvi tupu. Kama ng'ombe wake wameyanusa, watakuwa wamekwenda huko, na yakikauka watanasa kwenye tope. Dakika kumi na tano tu, alijiambia. Hakumwambia mtu yeyote kwenye redio. Aligeuza pua ya ndege akaacha njia aliyoitaja.

Injini ilikohoa mara moja, kama mtu aliyepaliwa. Ikakohoa tena. Kisha ikanyamaza, na Verna akasikia upepo peke yake ukipita kwenye mabawa. Alijaribu alichofundishwa kujaribu, mikono ikienda yenyewe, kisha akaita msaada redioni mara tatu. Alikuwa chini mno, hakuna aliyejibu. Mbele yake, katikati ya vilima virefu vya mchanga mwekundu, palikuwa na kiwanja cha udongo mkavu. Aliielekeza ndege hapo. Magurudumu yaligusa, ndege ikaenda vizuri, halafu gurudumu la mbele likazama kwenye ufa na kuvunjika. Ndege ilipiga pua chini ikatulia. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimeteguka. Zaidi ya hapo, mzima.

Kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa kile kifaa. Ni kidogo kama pakiti ya sigara. Ukikifungua kinapeleka ishara hadi angani, na watu wanajua ulipo. Alipekua sanduku, akapekua mifuko ya viti, kisha akakumbuka. Wiki iliyopita alikwenda nacho kwenye gari kutengeneza pampu. Kilikuwa bado kwenye gari, nyumbani, chini ya kofia yake ya zamani.

"Mpumbavu wewe," alisema kwa sauti. Nzi peke yao walimsikia.

Ndani ya kifuniko cha sanduku Anthea alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MAMA, BAKI NA NDEGE. NAKUJUA.

Verna alicheka, halafu akakasirika. Barabara ya magari ilikuwa kama kilomita ishirini kusini. Umbali huo alikuwa ameutembea mara ngapi maishani! Lakini pia alijua watu waliotembea. Magari yao na ndege zao zilipatikana mapema. Wao wenyewe walichelewa kupatikana.

Basi alikaa. Alikaa dakika nne.

Kisha alianza kujitafutia kazi. Alifunga turubai kwenye bawa apate kivuli kikubwa zaidi. Alikusanya vijiti vikavu, akatoa oili kidogo kwenye injini, akaiweka tayari kwenye kopo ili moshi uwe mweusi ukihitajika. Alichimbua udongo kwa kipande cha bati akaandika herufi kubwa ambazo mtu wa angani angeziona. Alichota mafuta ya bawa la kulia kwenye kile kikombe cha kioo, akakiinua juani: maji yalikuwa yamejikusanya chini, duara safi kama jicho. Alikiangalia muda mrefu. Hakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo lilimkosesha raha kuliko joto.

Kila saa ilipotimia aliwasha redio dakika tano, akaita, akasikiliza, akazima ili betri isife. Alikunywa alipoona kiu, kama Anthea alivyomsisitiza, bila kuyabania maji. Saa kumi ilipita. Sasa wanajua, aliwaza. Lakini wanakwenda magharibi. Jioni alisikia mvumo wa ndege mbali, huko huko alikosema atakuwa, ukafifia. Usiku hakulala, alizunguka ndege mpaka akachora njia kwa miguu.

Asubuhi alishindwa kuvumilia. Alijaza chupa mbili, akavaa kofia, akasema anapanda tu kile kilima cha mchanga aone kuna nini. Alikipanda, akakishuka upande wa pili, akaanza kupanda cha pili. Miguu ilifurahi ajabu. Alipogeuka nyuma, ndege haikuonekana. Palikuwa na mchanga mwekundu na majani makavu, kila upande sawa na mwingine, na upepo ulikuwa umeanza kufuta nyayo zake. Alirudi akikimbia, mama wa miaka sitini na moja, na alipoliona bawa jeupe likichomoza alikaa chini yake akaanza kulia, akilitukana jangwa, akalitukana na ziwa pia.

Saa nane mchana aliwasha redio, na kabla hajaita, sauti ilikwaruza.

"Verna, Verna, huyu ni Clem. Kama unanisikia sema chochote. Hata nitukane."

Clem Vosper alikuwa jirani wa ranchi ya mashariki, naye pia alikuwa na ndege yake ndogo. Hawakuwa wamesemeshana miaka miwili kwa sababu ya fahali aliyeruka uzio.

"Clem! Nakusikia!"

"Eh! Bibi wewe uko hai!"

"Usiniite bibi. Uko wapi?"

"Ukingo wa ziwa, upande wa kusini."

"Njoo magharibi moja kwa moja. Namulika kioo."

Aliwasha na moshi, mkono mmoja ukimuuma, mwingine ukirusha miale ya kioo huku na huku. Alimwona kwanza kama nukta.

"Nimekuona!" Clem alipiga kelele. "Tulia hapo hapo. Helikopta ya polisi inakuja."

"Nimetulia saa ishirini na nane, Clem. Usiniambie kutulia!"

Hapakuwa na nafasi ya kutua pasipo kuharibu ndege ya pili, hivyo Clem alizunguka juu yake akipiga soga mpaka helikopta ilipofika. Alimweleza habari za bei ya ng'ombe na za goti lake. Fahali hakumtaja.

Nyumbani Anthea alimfunga bandeji kwenye kifundo cha mkono. Darcy alisimama mlangoni akiwaangalia.

"Polisi walitaka kuendelea na magharibi," alisema hatimaye. "Huyu akawakatalia. Akawaambia mama mkwe wake hajawahi kwenda mahali kwa mstari ulionyooka, na kama kuna maji mapya mashariki, yuko huko anayachungulia. Akampigia Clem."

Verna alimtazama mkwewe. "Ulijua?"

"Kifaa nilikikuta kwenye gari, mama." Anthea alikaza fundo la bandeji. "Nimekishika mkononi tangu saa kumi na moja jana. Sijui nikwambie nini."

"Basi nitukane."

"Nitakutukana kesho. Leo kunywa maji."

Ndege ilichukua miezi mitano kutengenezwa. Siku ya kwanza ya kuruka tena, Verna alisimama mbele ya ramani aliyoibandika Anthea jikoni, akachora njia yake kwa penseli. Mstari ulikwenda magharibi, ukajikunja, ukarudi, ukachepuka kusini bila sababu yoyote.

"Hapa kuna nini?" Anthea aliuliza, kidole juu ya ule mchepuko.

"Sijui bado," Verna alisema, akavaa kofia. "Nataka kuona."

"Unarudi saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

Anthea aliandika.