Mafua Yaliyoandikwa Jina Langu

Mama mkwe alilipigilia dirisha misumari, akanigeukia na nyundo mkononi.

"Ukiligusa tena, unarudi kwenu."

Kosa langu? Nilikuwa nalifungua asubuhi.

Baridi ile haikuwa na mchezo. Familia nzima tulihamia chumba cha baba mkwe kwa sababu ndicho chenye joto. Mlango umefungwa, nyufa zimezibwa kwa matambara. Mnavuta pumzi za wenzenu mpaka kunakucha.

Kisha shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba, akarudi kutoka kiwandani anapiga chafya mfululizo. Akajibanza kwa baba yake, blanketi moja.

Haikupita wiki, mzee akaanza kukohoa. Na kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani.

"Mwanangu, nifungulie kidogo," mzee aliniomba, mkewe alipotoka. "Hewa hainitoshi."

Nikaivuta ile misumari kwa vidole. Wapi.

Hospitali hakukaa sana. Akatutoka.

Msibani, kila aliyeingia aliambiwa na mama mkwe, "Huyo ndiye aliyemfungulia mume wangu baridi."

Watu wakanitazama, wakasogea.

Nikamburuta mume wangu hadi kwa muuguzi aliyemhudumia mzee.

"Baridi peke yake haileti mafua," muuguzi alisema. "Ni virusi. Hewa ikiwa baridi na kavu vinadumu zaidi, na pua inashindwa kujikinga vizuri. Halafu watu wanajifungia chumba kimoja, mmoja anapiga chafya, wote wanaivuta. Nani alitangulia kuumwa?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mdogo wangu."

Njiani nilijiona mwepesi. Nikamwambia twende tukamweleze mama.

Akasimama.

"Mama akijua ni kipenzi chake aliyeyaleta, tutazika tena. Wewe umeshalaumiwa. Vumilia tu, mke wangu."

Nilisubiri aseme anatania. Akaendelea kutembea.

Mpaka leo mama mkwe akinikuta sebuleni anaondoka. Anayenisemesha ni shemeji peke yake. Juzi alinifuata nikiwa naosha vyombo, akaongea taratibu, kwa huruma kabisa.

"Shemeji, mimi nilishakusamehe. Hukujua."

Nikamjibu, "Asante."

Wewe unayesoma, baridi ikija mfunike mgonjwa wako, lakini mwachie hewa, na mwenye mafua alale kando. Ukishajua ukweli, usidhani kuna anayeuhitaji.