Vipimo vitatu vya bomba moja: nilivyofufua jiko la gesi lenye kutu hapa Kasongo

Wakuu, salaam kutoka Kasongo, Maniema.

Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Niliishia darasa la sita na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mkiona nachelewa kujibu msidhani nimekimbia. Ninayoeleza yamenikuta mwenyewe. Ushahidi umeegemea ukuta hapa nilipo: mabomba mawili mapya ya chuma, moja fupi, moja refu, na yote mawili hayana kazi.

Uzi unahusu jiko la kuchomea nyama, lile la gesi lenye mfuniko. Kama umewahi kufufua la zamani, vuta kiti tulie pamoja.

Kwanza lilikotoka.

Mama mdogo Mwamini, ambaye ndiye aliyenilea, aliwahi kuwapikia watu waliokuja kutengeneza barabara. Walipofunga kambi wakamwachia jiko hilo na mtungi wake. Gesi ilipoisha akalisukuma nyuma ya nyumba, akarudi kwenye makaa. Mvua ikalinyeshea miaka na miaka. Kuku wetu akaingia chini ya mfuniko, akataga, akaatamia, akaangua. Kwake yeye lile halikuwa jiko, ilikuwa maternité, wodi ya kuzalia.

Mama mdogo anauza mishikaki ya mbuzi pale pikipiki zinapopakia abiria wa Kabambare. Kila siku kuanzia alasiri uso wake uko ndani ya moshi. Macho yalianza kuwa mekundu, yakaja machozi, kisha ukungu.

Muuguzi alimwambia mbele yangu:

"Mama, dawa nitakupa. Lakini ukirudia mu moshi, hii dawa ni maji tu. Jicho ya kushoto imeshaanza kwenda."

Mama mdogo akashukuru. Tukarudi nyumbani, na siku hiyohiyo akawasha makaa. Angefanya nini? Mishikaki ndiyo inayotulisha.

Ndipo mimi nikasema, bila kuulizwa: "Nitatengeneza lile jiko."

Wakuu, mimi si msemaji. Nikisema sentensi moja nzima pale nyumbani, watu wanageuka kuangalia nani kaingia. Mama mdogo akageuka pia.

"Basi umesema," akanijibu. "Lakini kuku utamwambia weye."

Nikaanza kazi.

Kutu ilikuwa imekula kila kitu isipokuwa mfuniko na miguu. Nilisugua kwa mchanga na majivu, halafu kwa majani ya msasa. Kwa wasioyajua, ni majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, mafundi wa mbao hapa wanang'arishia viti. Vidole vyangu viling'ara kabla ya jiko.

Kitasa cha kufungulia gesi kilikuwa kimeganda. Mpita njia akaniambia paka mawese. Nikapaka. Kesho yake mawese yakawa gundi na kitasa kikaganda mara ya pili. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikasubiri, nikakizungusha. Kikazunguka.

Wavu wa kuwekea nyama nilitengenezewa na mchomeleaji, kwa nondo nyembamba. Sawa.

Kilichobaki ni vitu vitatu visivyopatikana hapa: mpira wa gesi, kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi, na bomba la vitundu.

Bomba la vitundu ndilo moyo wa jiko. Ni chuma kilichonyooka chenye vitundu pembeni, gesi inaingia upande mmoja na kuwaka kwenye vitundu. La kwetu lilikuwa limetoboka pasipotakiwa na kuziba panapotakiwa. Likiwa fupi, halifiki kwenye mdomo wa gesi. Likiwa refu, haliingii kwenye jiko.

Mwenye duka la vipuri yuko Uvira. Anayekwenda Uvira ni Rama, motari wetu, anayepitia Kabambare kwa pikipiki, safari ya siku nyingi kwenda na nyingi kurudi, na matope yakiamua, hata zaidi.

Mimi sina metre, ule utepe wa kupimia. Jirani yetu, fundi Salumu, mshona nguo, anayo shingoni siku nzima. Kutoka mlango wetu hadi cherehani yake ni hatua kumi. Lakini kibaraza chake kimejaa vijana wenye midomo, na mimi huwa napita pale nikiangalia miguu yangu. Nikaona haya kwenda kuomba.

Nikapima kwa kamba.

Kamba nzuri ya katani, nikaikata sawasawa na urefu wa bomba, huku na huku nikafunga fundo. Nikampa Rama: "Huu ndio urefu. Mpe mwenye duka."

"Hakuna shida, mudogo yangu."

Rama aliporudi, mpira ulikuwa sawa na kichwa cha mtungi kilikuwa sawa. Nikaweka bomba. Likapungua kiganja kizima.

Nikamtafuta. Nikamwonyesha. Akakuna kichwa.

"Labda ni ile nilikata."

"Ulikata nini?"

"Kamba. Kidogo tu! Kuku alikuwa anasumbua mu njia, nikamufunga miguu."

"Rama, ile kamba ilikuwa kipimo."

"Kipimo iko na mafundo. Mafundo nilirudisha! Nilikata, nikafunga fundo ingine sawa na yako. Angalia."

Akaitoa mfukoni kunionyesha. Kweli, fundo lilikuwa zuri kuliko langu.

Wakuu, nilitaka kupiga kelele, ila mimi sijui kupiga kelele. Nilienda kukaa nyuma ya nyumba. Kuku wetu alikuwa amekaa juu ya mfuniko ananiangalia.

Nikafikiri: kosa ni kamba. Kamba kila mtu anaihitaji. Nikakata mwanzi mkavu, urefu wa bomba bila kuzidi wala kupungua. Nikamwambia Rama maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu: usiukate, usifungie kitu, usimpigie mbuzi.

"Mudogo yangu, mimi na huu muti, tutalala pamoja."

Akaondoka. Mvua ikaja. Tukasubiri.

Hapa niseme jambo ambalo si la kuchekesha. Wakati tunasubiri, mama mdogo alikuwa anakwisha macho. Siku moja nilimsaidia kupeleka nyama. Mteja akaomba chumvi. Mama mdogo akanyoosha mkono, akachota, akanyunyiza. Yalikuwa majivu.

Mteja akacheka: "Mama Mwamini, leo unatuzika?"

Watu wote pale wakacheka. Na yeye akacheka. Akatoa mshikaki mwingine, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Chumvi iko upande gani?" Nikamshika mkono nikaupeleka. 

Rama akarudi. Bomba nalibeba mimi mwenyewe, nakimbia, naweka.

Limezidi vidole vinne.

"Rama. Mwanzi uko wapi?"

Akaangalia pikipiki yake kama vile ndiyo iliyoulizwa.

"Kabambare, pale nalalaka, mama wa nyumba alikosa kuni ya kuwashia. Aliamuka mbele, mimi bado nalala."

"Akauchoma?"

"Chai ilikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Lakini nilikata ingine! Sawasawa!"

"Sawasawa na nini?"

"Na ile ilikuwa mu kichwa yangu."

Najua kuna mkuu atauliza kwa nini sikutuma picha. Simu yangu ni ya vibonyezo, hii ninayoandikia nimeazima. Na picha haina urefu. Wengine watauliza kwa nini sikukata lile refu. Upande mmoja unaingia kwenye mdomo wa gesi, mwingine una kichwa cha kuning'inizia, kati ni vitundu. Ungekata wapi?

Na kwa nini sikubadilisha motari? Kwa sababu Rama ndiye peke yake anayerudi na kitu ulichomtuma, hata kama si chenyewe.

Siku hiyo niliketi na mabomba mawili mapajani, moja fupi moja refu. Mama mdogo akapita, akapapasa ukuta kutafuta mlango. Mlango wa nyumba yake mwenyewe, ulio wazi, mchana.

Nikasimama. Nikatembea zile hatua kumi.

Vijana walikuwepo wote. Nikasimama mbele ya cherehani. 

Fundi Salumu akainua macho. "Eeh! Muone huyu! Miaka yote unapita hapa kama kivuli. Leo kivuli imesimama."

"Naomba metre," nikasema.

"Sema tena, hawa hawajasikia."

"Naomba metre, fundi."

Wakapiga makofi, wajinga wale. Lakini fundi hakucheka tena. Aliniuliza ya nini. Na nilipoanza, wakuu, nilieleza yote: kamba, kuku, mwanzi, chai, majivu. Sikumbuki kuwahi kuongea hivyo. Nilipofika kwenye "mu kichwa yangu" kijana mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Nilipofika kwenye majivu, yule aliyeanguka aliinuka akakaa vizuri.

Fundi akavua metre shingoni akanionyesha. Ilikuwa inaanzia kwenye saba.

"Mbele panya alikula. Mimi najuaka kutoa ile saba. Ule wa duka ya Uvira hatajua. Lakini lile bomba ya kizee iko wapi?"

"Nyumbani."

"Linafanya kazi gani nyumbani?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Si utume lenyewe? Nani ataiba kutu? Nani atafunga kuku na kutu?"

Wakuu, nilibaki nimesimama kama mlingoti. Miezi ile yote bomba la zamani lilikuwa linalala chini ya kitanda changu. Nilikuwa nalitunza. Nilikuwa nalipima kila mara, nalifuta, nalirudisha.

Nilimpelekea Rama kesho yake. Akalishika kwa vidole viwili.

"Hii? Itachafua mizigo ya watu."

"Libebe wewe."

Alilifunga kifuani, chini ya koti. Aliporudi safari ile, shati lake jeupe lilikuwa na mstari mwekundu kutoka begani hadi kiunoni, na hasira yake ilikuwa ndefu kuliko barabara. Lakini alikuwa na mabomba mawili, la kizee na jipya. Nikayalaza pamoja. Yalilingana mpaka kitundu cha mwisho.

Nimefika mwisho? Hapana. Msisahau tunazungumzia jiko la gesi.

Mtungi tulishaujaza kwa mfanyabiashara wa hapa ambaye siku hizi analeta gesi barabara ikikubali. Nikafunga mpira. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama gesi inavuja, na hili ndugu msiliruke kamwe. Povu likatulia. Nikawasha.

Moto wa njano. Unaruka ovyo. Na moshi mweusi.

Moshi! Nilizima, nikakaa chini kwenye udongo. Kama ningekuwa na meno ya kutosha ningelitafuna lile jiko.

Nikafungua kila kitu upya. Ndani ya ule mdomo wa gesi ambamo gesi inachanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye bomba, nilikuta udongo mgumu, umefinyangwa vizuri kama chungu. Nyigu. Nyigu alikuwa amejenga nyumba. Kuku juu, nyigu ndani, sisi tu ndio tulikuwa hatuna matumizi na lile jiko.

Nikatoa udongo kwa waya, nikapuliza, nikafunga, nikapaka sabuni tena, nikawasha.

Moto wa buluu. Mfupi, umenyooka, unanong'ona.

Nikaenda kumwita mama mdogo. Akaja na kitenge chake amekishika puani, kama anavyofanya kila siku makaa yanapowashwa, uso ameugeuza pembeni, macho ameyafumba. Akasimama hivyo. Akasubiri.

"Mbona hauwashi?"

"Umewaka, mama mdogo."

"Unanidanganya. Moshi iko wapi?"

 Ule moto wa buluu hakuuona, na moto mwingine zaidi ya ule wa moshi alikuwa haujui tena. Nikamshika mkono, kama siku ile ya chumvi, nikaupeleka juu ya wavu. Akauondoa haraka. Kisha akaurudisha mwenyewe, polepole, akaupitisha kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho.

Akashusha kitenge.

Sasa hivi jicho la kulia limetulia. La kushoto muuguzi anasema halitarudi, limebaki pale lilipofika, na mimi nahesabu: kamba ile, mwanzi ule, zile hatua kumi. Kuna wateja wanaolalamika kuwa nyama haina harufu ya moshi. Mama mdogo anawajibu, "Anayetaka moshi nitamufungia makaa mbili mu karatasi, aende anuse kwake."

Nilichojifunza ni haya. Ukituma kipimo mbali, tuma kitu ambacho hakina kazi nyingine duniani. Kamba ina kazi, mwanzi una kazi, hata kichwa cha Rama kina kazi. Kutu haina. Na kama mwenye metre yuko hatua kumi, nenda kabla hujatuma mtu siku kumi. Aibu yangu mimi ilikula muda, lakini aliyelipa ni mwingine.

Wakuu, kwa wenye uzoefu: nyigu nimzuieje asirudi kwenye ule mdomo bila kuziba hewa? Na yale mabomba mawili, fupi na refu, kama kuna mwenye jiko linaloyafaa, yapo. Usinitumie kamba. Rama yuko tayari kubeba, ila anasema shati la safari hii ulete wewe.