Mlango wa E

Binti yangu huwasimulia watu kwamba nilipotea Guangzhou, kule China. Wadogo zake wameipokea hadithi hiyo kama ilivyo, na siku hizi hata majirani zetu hapa Dodoma huniuliza nilipotelea wapi. Naomba kuweka kumbukumbu sawa. Sikupotea. Nilikuwa mahali nilipoelekezwa, kwa saa niliyoelekezwa, na nilisimama hapo saa moja na dakika hamsini bila kuhama. Kilichopotea ni herufi moja.

Nilikwenda huko siku chache kabla ya sikukuu yao ya mwaka mpya, wakati wa baridi, viwanda vinapofungwa na wafanyakazi kurudi makwao. Mke wangu ndiye aliyenituma. Kwa miaka minne alikuwa akipeleka maneno kati yangu na binti yetu huyo wa kwanza: baba yako anakusalimu, mwanao anauliza hali ya mguu wako. Jioni moja alizima televisheni akasema, "Mzee, mimi nimechoka kuwa posta. Nenda mwenyewe ukamwambie." Hakuhitaji kueleza nikamwambie nini.

Binti yetu alikuwa ameajiriwa na halmashauri, ajira ya kudumu yenye pensheni. Akaiacha kwa notisi ya saa ishirini na nne ili akashoneshe nguo China na kuzileta Kariakoo. Mimi, niliyekuwa afisa utumishi kwa miaka thelathini na minne, nilipewa habari hiyo na mwenzangu kwenye ngazi za ofisi. Nilikasirika, na hadi leo naona utaratibu haukufuatwa. Lakini nilikwenda mbali zaidi. Nilimwambia asiniandike tena popote kuwa mdhamini wake. Kwa mtu wa kazi yangu maneno hayo ni mazito kuliko tusi, naye alilijua hilo. Hakuniandika tena, wala hakunipigia. Nilitambua kosa langu mapema, labda wiki ya pili. Kilichochukua miaka minne ni kulikiri.

Safari ilianza vibaya. Sanduku langu lilibaki kwenye uwanja tuliobadilishia ndege, na ndani yake koti zito nililoazima kwa shemeji. Nilishuka Guangzhou nikiwa na shati la mikono mifupi. Watu watakwambia kwamba mji ule hauna theluji na baridi yake ni ndogo. Naomba kupinga. Ni baridi ya majimaji, inaingia ndani na kuketi nawe mezani, kwa kuwa nyumba zao hazina cha kuzipasha moto, na watu hula wakiwa na makoti. Binti yangu alinipokea uwanjani. Alipiga goti, "Shikamoo, baba," akaitazama mikono yangu iliyosimama vinyweleo, kisha akavua koti lake akanivalisha. Lilikuwa la zambarau, la kike, lenye manyoya kwenye kofia. Nikakataa.

"Utalivaa, baba," alisema, "au nimpigie mama sasa hivi."

Nililivaa. Sanduku halikuja siku ile, wala ya pili, wala ya tatu.

Na siku zote tatu sikusema nilichokuja kusema. Tulizungumzia mguu wangu, bomba lake la maji ya moto, harusi za watu wa mtaani kwetu. Kila nilipofungua mdomo simu yake ililia: laobani wa vitambaa, laobani wa vifungo. Huko kila mwenye duka au kiwanda huitwa laobani, yaani tajiri, hata kama duka lenyewe ni meza moja. Asubuhi alitoka kwenda Kangle, kwenye vyumba vya kushonea vilivyo jirani na masoko ya vitambaa, akaniachia chai kwenye chupa. Hakuniambia twende. Sikumlaumu. Nani humwalika mtu aliyeidharau kazi yake aje kuitazama?

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alinipigia. Simu yangu ilifanya kazi ndani ya nyumba yake tu, kwa mtandao wa pale. Nikivuka kizingiti inakuwa saa ya mfukoni. Nyuma ya sauti yake niliwasikia mafundi na cherehani zao.

"Baba, leo ndiyo siku ya mwisho, kesho wanafunga. Kama utapenda… njoo uone kazi yangu."

Nilisema nitakuja. Nadhani nilisema haraka mno. Akanipa maelekezo. Niliyaandika yote kwenye daftari: treni ya chini ya ardhi, kituo cha nne, saa nane kamili mchana. Vituo vya huko vina milango mingi ya kutokea, na kila mlango una herufi yake. Akaitaja. Nikamrudishia kwa sauti, kama ilivyo desturi yangu: "E?" Akasema, "Ndiyo, baba." Nikaandika E, nikaizungushia duara.

Nilifunga tai ile niliyosafiri nayo, kwa sababu nilikuwa nakwenda ofisini kwa binti yangu. Saa nane kasoro dakika tano nilikuwa mlango wa E, karibu na mama mmoja aliyeuza michungwa midogo ya sikukuu ndani ya vyungu. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu ikapita. Aliyeelekezwa mahali haondoki mahali hapo, hiyo ndiyo kanuni niliyoifuata maishani, lakini nakiri kwamba ilipogonga saa tisa sikuwa nikifikiria kanuni. Nilifikiri kwamba amebadili nia. Nilifikiri kwamba ameketi huko kwenye cherehani zake, akajiuliza huyu mzee anakuja kunikagua kwa lipi, na akaamua kuniacha.

Saa tisa na nusu, mwanamke mwenye mtandio, akivuta kigari kilichojaa mabunda ya vitambaa, alinipita, akasimama, akarudi.

"Shikamoo, mzee wangu." Lafudhi ilikuwa ya Unguja.

"Marahaba."

"Umepotea?"

"Sijapotea. Nasubiri."

"Wamsubiri nani?"

"Binti yangu. Ameniambia mlango wa E, saa nane."

Akaitazama simu yake, akanitazama mimi, akalitazama koti. "Haya, baba, hujapotea. Basi ngoja nikusaidie kusubiri." Akaileta simu mdomoni, akazungumza kwenye kikundi cha Watanzania wa mji ule, mbele yangu, bila haya yoyote: "Jamani ee, kuna mzee wetu hapa kituoni, mlango wa E, kavaa tai na koti la zambarau la kike. Asema hajapotea. Mwenyewe aje amchukue kabla hajaganda."

"Neno 'la kike' halikuwa la lazima," nilimwambia.

"Lazima, baba. Watamjuaje?"

Haikupita robo saa nikamwona binti yangu anakuja mbio kutoka ng'ambo ya barabara, sweta limempinda mabegani, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Alisimama hatua tatu mbele yangu. Nilitarajia hasira. Alikuwa analia.

"Baba, nilidhani umekataa."

"Nimekataa nini?"

"Kuja! Nimesimama mlango wa ei tangu saa nane kasorobo. Nikakupigia, hupokei. Nikasema basi, ameona aibu, nikarudi kazini."

"Nami nimesimama E tangu saa nane kasoro dakika tano."

"Nilisema ei!"

"Na hapa nimeandika E." Nikamfungulia daftari.

Akalitazama lile duara. "Hii si ei, baba. Hii ni ii. Ei, bii, sii… ile ya kwanza!"

"Ile ya kwanza inaitwa A."

"Kwa Kiingereza inaitwa ei."

"Sisi tulikuwa tunazungumza Kiswahili."

Mwanamke wa Unguja alicheka mpaka akakishika kigari kisimwangukie. "Watu wazima wawili mwagombania a, e, i, o, u! Nani aliyekufundisha kusoma, dada?"

"Mimi," nilisema. Na ni kweli. Alikuwa na miaka minne, nikimkalisha juu ya meza ya kulia na kumwandikia irabu kwa chaki, naye akizisoma kwa kuimba huku akipigapiga visigino. Mtoto yule ndiye niliyemwambia asinitaje popote.

"Leo sikukataa," nikamwambia. "Nilikataa miaka minne iliyopita, na nilikosea. Ile kauli yangu kuhusu udhamini naifuta. Nisamehe, mwanangu."

Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Unaifuta kwa barua au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, mbele ya shahidi."

"Shahidi kasikia," alisema mwanamke wa Unguja. "Mkumbatie mwanao, baba, miye mzigo wangu wanisubiri."

Nilimkumbatia hadharani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu alipokuwa darasa la pili.

Kangle tulipita kwa haraka, kwenye vichochoro ambamo pikipiki za mizigo humtaka mtu ajibanze ukutani. Chumba cha kushonea kilikuwa ghorofa ya pili. Mashine nyingi zilikwisha kufunikwa, na mabegi ya laobani, mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, yalikuwa yamesimama mlangoni. Alikuwa na funguo mkononi. Binti yangu alimweleza jambo refu kwa Kichina, na katikati nikasikia, "baba."

"Naam," nikaitika.

Wote wawili waliangua kicheko. Kumbe kwa Wachina pia baba ni baba. Laobani akazirudisha funguo mfukoni, akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja, akanionyesha: "Baba."

Sikukaa. Binti yangu alikuwa amefunua mashine moja na kutoa gauni la mtoto, la kitenge, ambalo halijamalizika. Akaligeuza upande wa ndani, akalishika mbele yangu. Sijui lolote kuhusu ushonaji, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwuliza swali hata moja kuhusu kazi yake. Nilivaa miwani, nikainama.

"Hapa kwenye kwapa," nikamwuliza, "kwa nini mmeshona mara mbili?"

Alinitazama kwanza, kuona kama nauliza kweli. Kisha akakaa yeye kwenye kile kiti, akalitandaza gauni magotini, akaanza kunieleza, na laobani akaketi juu ya begi lake kutusubiri.