Kivutio Kilicho Nyuma ya Ghala la Pamba

Jumatano, 14 Agosti. Tangu alfajiri upepo unavuma na umejaa vumbi. Mbuzi wa jirani waliupa mgongo, nami nikaenda kazini nimejiziba pua kwa kitenge.

Kazini ni neno kubwa. Niko fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nilichosomea ni utalii: cheti cha mwaka mmoja, baada ya kidato cha nne nilichomaliza kwa alama ambazo mtu akishaziuliza mara moja harudii. Chuo chetu kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati, na tembo tulimwona ukutani. Lakini nisiwaonee walimu. Walitufundisha kumpokea mgeni, kutabasamu bila kutoa meno yote, na kwamba kila mahali pana historia yake, kwa hiyo mgeni akiuliza usimjibu "sijui".

Niliomba nafasi hotelini na hifadhini mpaka nikachoka. Wote ni watu wa adabu: hakuna aliyenijibu vibaya, maana hakuna aliyejibu. Mwenzangu mmoja wa darasani alipata Geita, kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Anasema wageni kule hawakosekani, ila wote wanakuja na sululu. Mimi nilitafutiwa jineri na mama mdogo, ambaye naishi kwake Kambarage, kwa sababu anaimba kwaya moja na mke wa meneja. Hivyo ndivyo elimu yangu ilivyokutana na ajira. Sina haki ya kulalamika. Sauti ya mama mdogo ni nzuri kweli.

Kazi niliyopewa ilikuwa kufagia ofisi, kuchemsha chai, na kusimama getini malori ya pamba yanapoingia kutoka vijijini ili niwape madereva maji ya kunywa. Meneja aliona hayo yanafanana na utalii, na nikifikiri vizuri, sijui kama alikosea. Fildi yangu ilikuwa iishe Ijumaa, na lililobaki lilikuwa neno lake tu. Akisema nimefaa, napata cheti. Akisema sikufaa, narudia mwaka, na mama mdogo alishaniambia kwa upole kwamba habari za kurudia mwaka asizisikie nyumbani kwake.

Leo asubuhi alikuja mnunuzi wa pamba kutoka Dar. Mashine ilikuwa imezimika na meneja alikuwa amebanwa na fundi umeme, basi akaniita.

"Wewe si ulisomea kutembeza wageni? Haya, mtembeze huyu mzee. Nakuja sasa hivi."

Nilifurahi kupita kiasi. Muda wote huo nilikuwa nangoja mtalii, na huyu hapa, na kofia kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikanyoosha mkono wa kulia kuonyesha njia kama tulivyofundishwa. Nikamwonyesha mizani, nikamwonyesha mashine, hata kama imelala, nikamwonyesha marobota yaliyofungwa tayari. Nikamwonyesha na ndege waliojenga kwenye paa, nikasema ni mashomoro, ingawa sina hakika. Akanisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyefuata pamba.

Kisha tukafika nyuma ya ghala. Pale pana rundo, na kando yake hukaa akina mama wakikung'uta pamba kwenye nyavu za waya.

"Na hii ni nini, binti?" mgeni akauliza.

Hapo ndipo mtu aliyesomea pamba angekohoa. Mimi nimesomea utalii. Nikampa historia yote: kwamba hii ni pamba iliyokuja na mchanga, kwamba wapo wakulima wanaotia mchanga gunia ili mizani iwapende, si wote, babu yangu amelima miaka yote na hajawahi, au ndivyo anavyosema, kwamba akina mama hawa wanautoa kwa mikono, kisha pamba inaingia mashineni kidogo kidogo ikichanganywa na ile safi. Hilo la kuchanganya nililiona mara moja tu, na mara moja si tabia, lakini sikukumbuka kulisema hivyo. Badala yake, kwa kuwa mgeni alionekana kupendezwa, nikaongeza kwamba mchanga hautoki wote.

Mkubwa wa wale akina mama akaacha kukung'uta. Huwa ananiita ng'wanike, binti kwa Kisukuma, kama anavyowaita wasichana wote.

"Ng'wanike," akasema taratibu, "mpe na soda."

Mgeni akachota pamba, akaifinya, mchanga ukamwagikia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. Akaniuliza nilisoma chuo gani, nami nikamtajia kwa fahari.

Meneja alipofika alikuta marobota yanafunguliwa. Niseme haki: mengi yalikuwa meupe, hayana neno. Lakini mgeni alisema hachukui hata moja leo. Atarudi Jumatatu, na siku hiyo asilikute lile rundo nyuma ya ghala. Meneja alitabasamu mpaka gari lilipotoka getini, na hakutoa meno yote.

"Nani alikutuma kumwambia yale?" akaniuliza.

"Aliniuliza, mzee."

"Na akikuuliza mshahara wangu?"

Nikafikiri. "Siujui, mzee."

Akakaa kwenye robota. Hakunitukana, na wengine wangenitukana. Alieleza kwamba mchanga hakuutia yeye, kwamba akiwarudisha wakulima wenye mchanga wataupeleka jineri ya jirani, na jirani ataupokea. Nadhani ana hoja. Nadhani na mgeni ana hoja. Ndiyo shida yangu, kila mtu akizungumza namwona ana hoja.

Kisha akasema nimefaa. Atawapigia chuo leo hii, awaambie nimefaa sana katika fani yangu, na kesho na keshokutwa nisihangaike kuja.

"Nenda kwa tembo, mwanangu," akasema. "Tembo hauzwi kwa kilo."

Wakati natoka nikawapitia wale akina mama. Walikuwa wameambiwa wamalize rundo lote kabla ya Jumatatu. Sikujua kama nimewaongezea kibarua au adhabu, nikamuuliza yule mkubwa. Akasema vyote.

"Ukipata kazi huko porini," akaniambia, "usije ukawaambia simba tunapolala."

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, kwa kuwa ilichekesha.

Nyumbani mama mdogo aliniuliza kabla sijavua viatu. "Umefaa?" Nikasema nimefaa. Akaenda kwenye ua kumpasha jirani habari kwa sauti ya kwaya, nami nikamwacha. Mgeni aliuliza, akajibiwa kweli. Ningependa kuandika kwamba niliisema kwa kuwa ni kweli. Nilisema kwa kuwa niliulizwa, na sikuwa nimeulizwa kitu tangu nifike.

Jioni tumekula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga. Majani yalianikwa nje na upepo wote huu, kwa hiyo mboga ilikuwa na mchanga. Mama mdogo akauliza ikoje. Nikasema tamu, nikaendelea kutafuna polepole.