Spika Upande wa Kushoto

Tangu sikio lake la kulia lizibe kabisa, baba aliacha kukaa nasi kutazama taarifa ya habari. Ndiyo maana nilimpelekea kijijini Kiranjeranje runinga yenye spika zake. Nilifika nimechoka na safari, lakini alasiri ile ile nikaanza kuzipanga: spika mbili pembeni mwa runinga, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na sabufa, ile spika ya mdundo, chini, mbali kidogo na ukuta isije ikavuma.

"Unasikia, baba?"

"Kelele nasikia. Maneno siyapati."

Nikazisogeza, nikazigeuza, nikainama na kuinuka mpaka kiuno kikauma. Mama alikuwa mlangoni akibangua korosho. Akasema, "Mwanangu, mwekee moja hapo kwenye sikio zima."

Nikaivuta hadi kwenye stuli, kushoto kwa kiti chake. Sisi wengine sauti ikatujia kombo, upande mmoja tu. Baba akatulia, kisha akaanza kumbishia msomaji wa habari, kama alivyozoea zamani. Mama akamwambia apunguze ukali. Mimi nilijinyoosha mkekani, usingizi ukanichukua kabla taarifa haijaisha.