Nilingoja Aniulize Mara ya Tatu

Harufu ndiyo iliyonipokea. Kabla sijaona meza ya kamati wala viti vya plastiki, pua yangu ilikuwa imeshajua: ni ile dawa ya kupigia deki, inayogeuka nyeupe ikimiminwa kwenye ndoo ya maji. Ukumbi ule wa Tudor, hapa Mombasa, ulikuwa umesafishwa asubuhi hiyo kwa ajili ya kikao cha kutoa maoni juu ya kanuni mpya za malezi ya watoto, nami nilikuwa nimekuja kuwasemea wale wanaolelewa na wasiowazaa. Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu na miwani yangu. Lakini harufu ile iliponiingia nikawa na miaka minane, na macho yakaanza kutafuta mlango uko wapi.

Ngojeni niwaeleze, maana jambo hili nimekaa nalo peke yangu muda mrefu na nimechoka nalo.

Mama aliyenizaa simkumbuki. Alikuwa jirani wa Ma Zena pale Mji wa Kale, mlango kwa mlango, na alipozidiwa na maradhi alinipakata kwa mara ya mwisho, akaniweka mapajani mwa Ma Zena mbele ya wanawake wawili wa nyumba ile. "Huyu ni amana yako," akasema. Hapakuandikwa kitu. Kwa watu wa mtaa wetu maneno kama hayo yakishasemwa mbele ya mashahidi yametosha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza mimi ni wa nani. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi Arabuni na habari zake zikakatika.

Ma Zena hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa mshonaji wa kofia, anakaa dirishani na sindano yake toka asubuhi, na kwa adabu alikuwa mkali kuliko mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Kulikuwa na sheria ya kuingia na mguu wa kulia, sheria ya kutochungulia vyumba vya watu, na juu ya zote kulikuwa na sheria ya mara tatu. Ukienda kwa watu ukakaribishwa chakula, unasema umeshiba. Ukikaribishwa tena unashukuru, unasema hata, usisumbuke. Mara ya tatu ndipo unapokubali, tena kwa kuinamisha macho. Na ukiulizwa kama wataka kwenda kwenu, usiseme ndiyo mbele ya mwenyeji, maana utakuwa umeitukana nyumba yake.

Siku moja tulikwenda Bondeni kwa watu wageni kwetu, ikaletwa sahani ya kaimati zinazong'aa kwa shira. Nikasema nimeshiba. Mwenye nyumba akasema haya, akairudisha jikoni. Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Ma Zena alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Hao hawakufundwa, mwanangu," akaniambia. "Mtu hajibu la moyoni mpaka ya tatu." Nikalishika neno hilo kama ninavyolishika jina langu.

Ramadhani ya mwaka wangu wa nane nilikuwa nikipeleka futari kwa jirani wa juu, nikateleza kwenye ngazi za mbao. Bakuli lilivunjika na mkono wangu ukavunjika nao. Ma Zena alinibeba hadi hospitali, yeye mwenyewe yuko na saumu. Mkono ukafungwa plasta vizuri kabisa. Tatizo lilikuja kwenye meza ya usajili, walipotaka cheti changu cha kuzaliwa na jina la mzazi. Angesema tu, "Ni mwanangu," mambo yangekwisha. Wengi wangesema hivyo. Lakini Ma Zena hakuwahi kusema uongo mwaka mzima, sembuse mwezi ule.

"Si wa kumzaa," akajibu. "Ni amana ya mamake, nami nimemshika."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini, mwanangu? Mamake alinipa kwa mkono wake."

Kabla ya magharibi nilikuwa kwenye makao ya watoto huko Tudor, kwa siku chache tu, walisema, mpaka karatasi zipatikane.

Sitawadanganya kwamba tulipigwa au tulilala njaa. Tulikuwa na vitanda, maharagwe na mama mlezi mmoja mpole aliyenukia ile dawa ya deki mpaka mikononi. Ila geti lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na halikufunguliwa kwa ajili yangu. Madirisha yote yalikuwa na wavu. Nilijifunza kuhesabu matundu ya wavu ule kwa ncha ya kidole, safu kwa safu, na nilipofika mwisho nilianza upya kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine. Nilibanwa kifua hata nikiwa uwanjani. Hewa ilikuwa ileile ya Mombasa lakini haikuniingia.

Kila Ijumaa baada ya sala Ma Zena alikuja. Hakuruhusiwa kuingia, kwani hakuwa jamaa yangu kwa karatasi. Kutoka dirisha la bafu la juu niliona buibui lake limesimama upande wa pili wa barabara, na mkoba mkononi. Ningepiga kelele angenisikia. Sikupiga. Mtoto wa kike hapigi kelele dirishani, ndivyo alivyonifundisha mwenyewe. Nilimpungia mkono wenye plasta nyuma ya wavu, yeye akiangalia getini, kisha akaondoka zake polepole. Mpaka leo nikikumbuka hapo nataka kujipiga.

Mwezi wangu wa tatu pale akaja afisa wa watoto, Bwana Musyoka, mtu wa bara, mnene, mwenye uso wa huruma na faili mbili kwapani. Tuliketi ofisini, mimi, yeye na mama mlezi, ambaye alikuwa ametuletea chai na biskuti kwenye sahani ya maua. Nilielewa mara moja kwamba huyu ndiye mwenye ufunguo. Pia nilielewa kwamba mwenye nyumba amekaa hapo hapo, na chai yake iko mbele yetu.

"Sasa mtoto, hapa unaonaje?"

"Pazuri, alhamdulillahi."

"Kuna kitu unataka?"

"Hata, nashukuru."

Akanywa chai. Akanitazama sana, na nadhani alikuwa akinitafuta kweli. "Huyo mama mshona kofia, unataka kurudi kwake ama utakaa hapa?"

Hiyo ilikuwa ya kwanza. "Hapa pazuri," nikasema.

"Hata ukikaa, ni sawa?"

Ya pili. "Ni sawa," nikasema, nikainamisha macho, nikavuta pumzi tayari kwa ya tatu. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu lote. Nilikuwa nimepanga hata nianze na mguu gani kutoka.

Bwana Musyoka aliandika mstari mmoja, akafunika faili, akanipa biskuti. Nikasema nimeshiba.

Nilikaa mule mwaka mmoja na miezi minne. Aliyenitoa hakuwa Ma Zena. Alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyepatikana Malindi baada ya kutafutwa sana. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alitia sahihi pale palipotakiwa damu, wakanikabidhi kwake kama mzigo wake, naye siku ileile, masikini, akanipeleka moja kwa moja Mji wa Kale kwa Ma Zena, akanywa kahawa, akarudi kwa wanawe. Mtu nisiyemjua alipewa mimi kwa dakika kumi. Aliyenilea alinyimwa miezi kumi na sita.

Nilirudi nikamkuta Ma Zena amebadilika, na hilo ndilo lililoniuma kuliko geti. Sheria ya mara tatu ilikuwa imekufa. Aliniuliza mara moja tu. "Wataka chai?" Nikisema hata, analiacha birika papo hapo, ananitazama machoni, hanisihi. Nililala na njaa mara kadhaa kwa ukaidi. Nikaamini kwamba aliambiwa nilisema kule ni kuzuri, akanichukia. Taratibu nikajifunza kusema nataka, kwa hasira, kama mtu anayetukana.

Miaka mingi ikapita, na wiki iliyopita, nikiandika maneno ya kusoma kwenye kikao, nikamsomea. Ameshazeeka, sindano haioni tena. Nilipofika kwenye ile chai na biskuti akaninyamazisha kwa mkono.

"Alikuja kuniambia yule bwana. Kwamba umesema wakaa. Nikamwambia, nenda ukamuulize tena, wangu huyo hajibu mpaka ya tatu. Akasema fomu ina nafasi moja." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Mimi ndiye niliyekufungia, mwanangu. Si wao. Nilikufunda mpaka nikakufunga mdomo. Ndipo nikaapa hutangoja tena nyumbani kwangu."

Kumbe miaka yote ile, kila kikombe alichokiacha, alikuwa akinifungulia geti. Nililia kwa sauti, dirisha likiwa wazi.

Basi nilisimama katika ukumbi ule unaonuka dawa, Ma Zena akiwa safu ya pili na upepeo wake wa ukili. Sheria ya sasa inaijua kafala, ule ulezi wa Kiislamu wa mtoto usiyemzaa, na inayajua malezi ya kambo, nami nashukuru. Niliomba kanuni ziseme mambo mawili: aliyemlea mtoto asikilizwe hata kama hana damu naye, na mtoto aulizwe zaidi ya mara moja, siku tofauti, bila mwenyeji wake kuwapo. Kengele ya muda ikalia.

Mwenyekiti alikuwa na haraka, kulikuwa na wengine kumi nyuma yangu. "Asante, dada. Una lolote la kuongeza?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshajipanga: hata, mheshimiwa, yatosha. Nikamtazama Ma Zena. Upepeo wake ulikuwa umesimama.

"Ndiyo," nikasema. "Ninalo."