Wakwe Wanataka Ninywe Maji ya Mto Ninaouchimba

Bwana Mhariri, jina langu lifunike, maana huku Muleba nikikohoa tu watu hujua ni mimi. Mimi ni mtu mzima, mvi zimeanza. Shule niliachia darasa la nne, lakini mwalimu mwenyewe alilia siku naondoka. Ni nyapara wa mashine inayochimba kina cha mto wetu ili mashua za kahawa zipande kutoka ziwani. Mashine ina ndoo za chuma kwenye mnyororo. Siku moja ndoo ilipandisha kiboko mzima, nikamrudisha majini kwa teke. Wasioamini waje waulize.

Tangu tuanze kuchimba, maji yamegeuka. Tope lililolala chini tangu enzi za mababu limeamka, jeusi, linanuka mafunjo yaliyooza. Samaki wanaelea matumbo juu. Akina mama wa bondeni wanachuja kwa kitambaa lakini watoto wanaharisha tu. Chemchemi ya kilimani kiangazi hiki imekauka. Walipokuja kunililia, niliwajibu mbele ya watu kilabuni: "Hilo tope ni dawa! Mimi nalinywa kila asubuhi, mnaona kifua hiki?" Watu wakacheka, nami nikanogewa. Ukweli sijawahi kulionja. Hata Bwana Injinia wetu hanawi miguu humo, maji yake yanaletwa kwa madumu kutoka Bukoba.

Sasa kuna binti wa marehemu kaka yangu, nimwite Koku. Mimi ndiye baba yake, mimi ndiye wa kumtoa. Waposaji walikuja kutoka Kaagya, watu wazito wenye mibuni mingi. Mke wangu alikuwa amepika rubisi ya ndizi kwa maji hayohayo, angepata wapi mengine? Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Nilitia mrija mdomoni, nikajifanya navuta, nikasema, "Tamu, waitu, ndugu zangu!"

Shangazi wa bwana harusi akavuta kweli. Akatema mkekani.

"Waitu, hii ni pombe au mmekamua chura?"

Nikasema ni maji ya mto tu, yana nguvu.

"Aa! Kumbe ndiwe yule wa dawa? Sifa zako zilishafika Kaagya. Basi tutarudi kahawa ikishaanikwa. Nitateka mwenyewe, chini ya mashine yako, kibuyu kizima. Ukikimaliza mbele yetu, tunamchukua binti. Ukikataa, tutajua mnawapa wageni kitu msichokunywa, na nyumba ya namna hiyo hatuoi."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Majirani nao, wale ambao watoto wao wanaumwa, wakacheka kuliko wote.

Nilimgeukia Koku nikitegemea machozi. Akaniambia taratibu, "Tatento, baba yangu mdogo, utakunywa."

"Mwanangu, nikifa je?"

"Mjomba atanitoa. Mtoto wa jirani alikunywa bila kuulizwa."

Mke wangu akaongeza kwamba kaburi atalichimba mbali na mto, nisije nikaharibu maji zaidi.

Ndugu wasomaji, simba hanitishi. Lakini mimi ndiye ninayeona ndoo inapandisha nini. Nikinywa, tumbo langu nalijua. Nikikataa, Koku atazeekea jikoni kwangu akinitazama hivyo kila siku, na bonde zima litajua kwamba nyapara alikuwa anajua. Watakuja kwenye mashine na mapanga. Nikienda kumwambia Bwana Injinia asimamishe kazi, ataweka nyapara mwingine kabla sijafika nyumbani.

Kaagya wameshaanza kuanika kahawa. Ninyi mnaosoma ukurasa huu ni wengi na mna akili. Nishaurini upesi: ninywe, au niseme kweli? Na aliyewahi kuyanywa akapona aniandikie.